Tai, Pima Maji na Kona ya Mchanga

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa sita

Leo nimetimiza miezi saba tangu niondoke nyumbani. Nilisema naenda mara moja tu kumalizia ukuta. Ukuta umekwisha, mimi nipo. Fundi aliyenileta alihamia mjengo mwingine akachukua vijana wenye migongo mizima. Mimi akaniacha hapa chekechea pamoja na mfuko na nusu wa saruji na toroli lenye gurudumu bovu. Mwalimu Mkuu, mama wa watu, akanihurumia. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kila kitu. Nafagia, najaza maji, nazibua choo, nagongelea viti vidogo ambavyo sijui watoto wanavivunjaje, maana wenyewe hata uzito hawana. Wananiita Mjomba. Mgongo unauma kutwa.

Lakini leo mgongo sikuusikia kabisa.

Watoto walipokwisha kuchukuliwa, Mwalimu Mkuu alitukusanya wote darasani. Tukakaa kwenye vile viti vidogo, magoti yanagusa masikio. Akasema kulea watoto wadogo siku hizi ni taaluma, si kumshikia mtu mtoto mpaka atoke sokoni. Akasema kila mmoja wetu lazima ajiendeleze. Nikaona wenzangu wanatikisa vichwa, na mimi nikatikisa. Kisha akatoa jambo lenyewe. Chuo cha ualimu kimetupa nafasi moja ya mafunzo ya walimu wasaidizi wa chekechea. Shule italipa. Mafunzo yanakwisha kabla ya shule kufungwa mwisho wa mwaka, na ukimaliza unapewa cheti. Anayeitaka nafasi anatakiwa awe mfanyakazi wa hapa na ajue kusoma na kuandika, basi. Jumatatu ijayo atakuja mkaguzi kutoka chuoni, atatuangalia mmoja mmoja tukiwa na watoto, na yeye ndiye atakayechagua.

Mfanyakazi yeyote. Nilimuuliza mara mbili kama yeyote ni yeyote kweli. Akasema ndiyo, Mjomba, hata wewe. Mpishi alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniuliza nitawafundisha watoto nini, kuzibua choo? Mpishi si mtu wa kujiendeleza.

Sasa kwa nini naitaka nafasi hii. Kule nyumbani mwalimu wa chekechea amehama, na kamati ya wazazi inatafuta mtu mwenye cheti aanze mwezi wa kwanza. Kazi ya kudumu! Chekechea yenyewe iko karibu na mlango wangu, ukitema mate yanafika. Kwa sasa mama watoto ndiye anayewakalia wale watoto asubuhi, mpaka apatikane mwalimu wa kweli. Huyo mwalimu wa kweli ni mimi. Nikipata nafasi nina cheti, nikiwa na cheti narudi kulala kwenye kitanda changu mwenyewe. Kitinda mimba wangu nilimwacha hajui kusema. Sasa anajua, na ananiita mjomba wa kwenye simu. Mjomba huku, mjomba kule. Nataka niwe baba wa mtu.

Shule nimesoma mpaka darasa la sita na kipande. Inatosha. Chekechea ni chini ya hapo.

Mpinzani ninaye mmoja tu, msaidizi wa darasa la wadogo. Tunamwita Dada Kimya kwa sababu ukimsalimia anakujibu kwa kutabasamu. Mtu ambaye hata kuongea hawezi atafundishaje? Nimeshashinda.

Jumanne, tarehe 4

Mtu wa taaluma anajulikana kwa mavazi. Nimeazima tai ya mlinzi, nyekundu, ile anayovaa kwenye harusi za ndugu zake. Aliniapisha niirudishe kama ilivyo. Kufunga tai sikuwahi kufundishwa, kwa hiyo nimeifunga kwa fundo ninalolijua, la kufungia jukwaa la ujenzi. Ni fundo la uhakika. Wanaume watatu na karai zao wanasimama juu yake na halilegei.

Asubuhi nilifagia uwanja nikiwa na tai. Watoto walinizunguka. Kuna msichana mmoja tunamwita Bi Kwanini, na jina amelitolea jasho. Akaniuliza kwa nini nimefungwa kamba. Nikamwambia hii ni tai, wanavaa wakubwa. Akauliza kwa nini, kwani wakubwa wakiachiwa wanakimbia? Mwenzake akasema kwao mbuzi anafungwa hivyo hivyo. Halafu akaivuta ili ahakikishe.

Macho yalinitoka. Fundo la jukwaa ukilivuta linakaza, halirudi nyuma.

Nimejaribu kulifungua kwa meno ya uma, kwa msumari, kwa mafuta ya kupikia ambayo Mpishi alinipa huku anacheka. Halifunguki. Nitalala nayo. Ni sawa tu, nitazoea heshima mapema.

Jumatano, tarehe 5

Leo nimempeleleza Dada Kimya. Nilichukua bisibisi nikajifanya natengeneza bawaba ya dirisha la darasa lake, nikatengeneza bawaba hiyo asubuhi nzima.

Nimeona maajabu. Yule dada hafundishi! Anakaa kwenye kigoda chake, chini kabisa, macho yake sawasawa na macho ya mtoto, halafu anaangalia. Mtoto akija na jani, anamuuliza unaona nini hapo. Mtoto anasema weee, yeye anatikisa kichwa. Ndiyo kazi hiyo. Mtoto mwingine alikuwa anajenga mnara wa vipande vya mbao, anapanga kimoja juu ya kimoja bila kukatisha viungo, mtu yeyote wa ujenzi anajua utaanguka. Ukaanguka. Dada Kimya hakumsaidia. Akamuuliza, kwa upole kabisa, umeangukaje?

Nilishindwa kuvumilia. Nilipita dirishani nikaupanga ule mnara kama inavyotakiwa, pembe kwa pembe, nikaupima kwa pima maji yangu, ukasimama kama askari. Mwenye mnara akalia mpaka akatapika. Wivu wa kitaaluma unaanza mapema sana.

Na kuna yule mvulana asiyesema. Tangu aanze shule hajatoa neno hata moja hapa, ingawa mama yake anaapa kwamba nyumbani anaongea mpaka wageni wanaaga. Kila siku Dada Kimya anakwenda naye kwenye kona ya mchanga, wanachimba. Hawaambiani kitu. Ukiwaona utadhani wanatafuta kisima.

Nikaenda kumshtaki kwa Mwalimu Mkuu. Nilisema kwa nia njema, kwa faida ya shule, kwamba kuna mtu hapa anakaa tu na kutazama. Mwalimu Mkuu akanijibu kwamba kukaa chini na kutazama ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na kwamba asiyemtazama mtoto hawezi kujua amfundishe nini.

Nimelifikiria jambo hili wakati nafua. Kwenye mjengo anayekaa na kutazama ni nani? Msimamizi. Sisi tunabeba zege, yeye amekaa kivulini. Kumbe Dada Kimya amejipandisha cheo kimyakimya, na kiti chake cha cheo ni kile kigoda.

Nimekificha kigoda stoo, nyuma ya ndoo za rangi.

Jumatano hiyo hiyo, baadaye. Lile fundo bado.

Alhamisi, tarehe 6

Kigoda kimeniponza. Dada Kimya alikitafuta kidogo, akakikosa, akaketi sakafuni. Watoto nao wakaketi sakafuni. Kufika mchana wote wamelala kifudifudi wanamwangalia konokono, na Mwalimu Mkuu amesimama mlangoni kajaa furaha, anasema hilo ndilo darasa. Nikaenda haraka stoo nikakirudisha. Nilisema nilikuwa nakikaza miguu. Dada Kimya akasema ahsante sana Mjomba, maneno matatu kwa mkupuo. Roho iliniuma. Si sana.

Mchana nilipewa darasa la wakubwa nijaribu, wakubwa maana yake wana miaka mitano. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, nikawapanga watoto kwenye uzi kwa urefu, visigino vyote kwenye mstari. Nilitaka wataje sehemu za nyumba nikinyoosha fimbo: msingi, ukuta, lenta, paa. Walisimama vizuri kabisa kwa muda wa kutosha mtu kupiga chafya. Alipopiga chafya wa kwanza, wa pili akasema anataka kukojoa. Mmoja akitaka kukojoa wote wanataka, hii ni sheria. Wakaondoka na uzi. Mmoja aliuvuta, wengine wakajikwaa, nikabaki na fimbo yangu natazama ukuta.

Matofali hayana mafua. Matofali hayakojoi. Ninalisema hili bila chuki.

Mwalimu Mkuu alinifuata nikiwa nakunja uzi. Akanikalisha, akanisemesha kama mama anavyomsemesha mwanawe mkubwa. Akasema Jumatatu niache uzi, niache na fimbo. Akasema mkaguzi huyu ataangalia zaidi kona ya mchanga, maana watoto wadogo wanajifunzia pale kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo niende pale nikae nao, nicheze.

Mengine sikuyasikia vizuri. Nilikuwa nimeshasikia la maana. Mkaguzi ataangalia kona ya mchanga.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeikagua kona ya mchanga kwa jicho la kitaaluma. Aibu tupu! Mashimo kila mahali. Mchanga umemwagika mpaka kwenye veranda. Kuna kijiko cha Mpishi humo, kuna soksi, kuna nusu ya kiazi ambacho wanasema wamekipanda. Kila jioni akina mama wanalalamika kwamba mchanga uko masikioni, uko ndani ya viatu, uko kwenye vitanda. Na anayeufagia ni nani? Mimi. Naufagia asubuhi, jioni umerudi pale pale.

Na mkaguzi aje aone vurugu hii?

Wazo lilinijia nikiwa nimeinama na ufagio. Nilisimama wima ghafla, mgongo ukalia kama mlango. Wazo lenyewe silisemi hata hapa, asije mtu akaliiba. Naandika neno moja tu: stoo. Wengine wana kimya chao, mimi nina mfuko na nusu.

Nilimpigia simu mama watoto. Nikamwambia aanze kuwaambia watu wa kamati kwamba mwalimu wao yuko njiani. Akaniuliza, baba watoto, umeshapata? Nikasema ni kama nimepata. Akasema mara ya mwisho nilipomwambia ni kama nimepata, ndio niliondoka kwa wiki tatu. Ana kumbukumbu kali yule mwanamke.

Nikamwambia safari hii nina wazo, akaniuliza kama hilo wazo nimemwambia mtu. Nikamwambia mambo makubwa hayaombi ruhusa. Kisha akanieleza habari za wale watoto anaowakalia, kwamba asubuhi nzima waliwafuata sisimizi kutoka mlangoni hadi uani waone wanakwenda wapi, na watoto wakakataa kurudi nyumbani. Nilimwonea huruma. Hana mwongozo. Vumilia, nikamwambia, mwenyewe nakuja.

Nikaomba kuongea na kitinda mimba. Nikamwambia hesabu moja mpaka kumi. Akakataa. Nikamwambia taja siku za wiki. Akamrudishia mama yake simu, akasema mjomba anagomba.

Jumapili, tarehe 9

Kazi imekwisha. Mikono imepasuka lakini moyo ni wa kijana.

Mlinzi alinifungulia geti, nikamwambia nina kazi ya shule, na kweli ni kazi ya shule. Nikatoa saruji yote. Nilitoa kijiko, soksi na kiazi. Nikachanganya ule mchanga na saruji palepale ulipo, nikageuza kwa koleo mpaka ukawa rangi moja, nikamwagia maji, nikageuza tena. Nikausambaza, nikaupima. Kitone cha hewa kwenye pima maji kilikaa katikati kabisa, hakisogei. Halafu nikapitisha mwiko, taratibu, nikirudi nyuma kwa magoti. Ulilainika ukawa kama sahani.

Nimefanya kazi za ujenzi tangu nikiwa na nywele nyingi. Nimebebea mafundi wangapi maji, nimewachanganyia zege wangapi, hakuna hata mmoja aliyewahi kunikabidhi mwiko. Hii ni sakafu yangu ya kwanza mwenyewe. Nilikaa nikaitazama mpaka nikasahau kula.

Haitamwagika. Haitaingia masikioni. Haihitaji ufagio. Mkaguzi akitaka kuangalia kona ya mchanga, aangalie mpaka atosheke, haisogei. Na ili asipotee, nilichukua msumari nikaandika juu yake kwa herufi kubwa kabla haijakauka: KONA YA MCHANGA.

Mlinzi alikuja kutazama. Alisimama akajikuna shingo. Akaniuliza sasa watachimba wapi. Nikamwambia yeye ni mtu wa geti, haya ni mambo ya ndani. Akaniuliza na tai yake je. Nikamwambia kesho.

Nimefunika kwa magunia mabichi. Kesho, kesho, kesho.

Jumatatu, tarehe 10

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mgongo haukubali namna nyingine.

Mkaguzi alifika mapema, mama mfupi mwenye viatu vya kutembelea na mkoba mkubwa. Hakutaka kiti cha wageni. Alikaa kwenye kiti cha mtoto kama amezaliwa nacho. Wa kwanza alikuwa Dada Kimya. Mwalimu Mkuu akasema kwa fahari, twende kwenye kona ya mchanga, watoto wameshachukua ndoo zao.

Nikatangulia mbele. Nikafunua magunia kwa mkono mmoja, kama mtu anayefunua jiwe la msingi.

Watoto walisimama kwenye ukingo na vindoo vyao. Mmoja aliinama akagonga kwa kijiko cha plastiki. Kijiko kikavunjika. Mwalimu Mkuu alifungua mdomo, ukabaki hivyo.

Ndipo yule mvulana asiyesema alipopita katikati ya wenzake, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya sakafu yangu. Akanitazama. Akasema, kwa sauti safi ambayo ilisikika mpaka jikoni:

"Mjomba ameua mchanga."

Dada Kimya akaanza kulia. Nilidhani analilia mchanga, kumbe ni kwa ajili ya lile neno. Mwalimu Mkuu naye machozi, ingawa yake sikuyaelewa vizuri, yalikuwa na hasira ndani. Mpishi alitoka na mwiko wake wa ugali mkononi, akatazama, akarudi ndani bila kucheka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mkaguzi akaniuliza hii ni nini. Nikamweleza kitaalamu, uwiano wa mchanganyiko, umaliziaji, faida kwa akina mama. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza watoto watafanya nini hapa. Nikasema watapaangalia. Nikamwonyesha na maandishi.

Mwalimu Mkuu akaniita pembeni. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ya chini ni mbaya zaidi. Akasema mafunzo yangu kwa leo ni kuvunja nilichokijenga, na nianze sasa hivi.

Nikachukua nyundo kubwa na tindo. Pigo la kwanza, tai ikaruka ikanipiga jichoni. La pili, ikaingia chini ya nyundo nikainama nayo, pua ikagusa sakafu. Nikaiomba radhi, nikaikata kwa kisu cha Mpishi. Mlinzi aliona kutoka getini. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

Nikavunja. Sakafu yangu ya kwanza, naivunja mwenyewe. Watoto walikuwa wamenizunguka, na vipande vinaruka, nikaogopa macho yao. Nikachora mstari ardhini, nikawaambia atakayevuka hatapewa kazi. Kazi gani, wakauliza. Sikuwa na kazi. Nikasema ya kubeba vipande nikisimama kupumzika. Wakangoja nyuma ya mstari kama vibarua wa kweli, kila nikitua nyundo wanavamia. Wakatenga vikubwa huku na vidogo huku, sikuwaambia. Wawili walinyang'anyana kipande, kila mmoja anasema chake ndicho kizito. Nilikuwa sina pumzi ya kuamua ugomvi. Nikalaza ubao juu ya gogo, nikawaonyesha kwa kidole waweke kila mmoja upande wake. Ubao ukainama. Wakapiga kelele, wakaanza kupima kila kitu, mpaka viatu vyao, mpaka mtoto mmoja.

Bi Kwanini akaja. Kwa nini mchanga umekuwa mgumu. Siku nyingine ningemweleza. Leo nilikuwa nimechuchumaa nahema kama mbwa, nikasema wewe unaonaje. Akafikiri. Akasema labda umeogopa. Mwenzake akasema hapana, umeshikana mikono. Yule asiyesema, ambaye sasa hanyamazi, akasema mchanga ulikunywa maji. Wakabishana. Nikawaacha wabishane kwa sababu sikuweza kusimama.

Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya mstari. Anaandika, anaandika, hainui kichwa ila kunitazama. Nilijua ni mashtaka. Nikaona kitanda changu cha nyumbani kinakwenda zake, kinanipungia mkono.

Jumatano, tarehe 12

Majibu yametoka. Nafasi amepata Dada Kimya.

Nililitarajia, lakini kuliona jiwe likija hakulifanyi lisiumize. Nilimpa mkono. Akanishika mikono yote miwili, akasema kama si Mjomba, yule mtoto asingesema mwaka huu. Hotuba nzima. Mpishi amemwandalia chai ya pongezi, mimi nikapewa kikombe bila sukari.

Nikafunga virago. Nilikuwa nimefika kwenye viatu wakati Mwalimu Mkuu aliponiita. Mkaguzi alikuwepo bado. Akasema amezunguka shule nyingi, na Jumatatu aliniangalia mara mbili: kabla ya kukata tai na baada ya kukata tai. Yule wa kabla, akasema, asipewe hata darasa la vikombe. Yule wa baada angependa kumwona tena. Akasema nilikaa chini, nikanyamaza, watoto wakafikiri wenyewe, na nikawalinda bila kuwazuia. Kisha akaniuliza nadhani ilikuwaje nikaweza.

Nikamwambia ukweli, kwamba ni saruji.

Walitazamana. Mwalimu Mkuu akafunika uso. Mkaguzi akasema basi, tutaanzia hapo. Kuanzia wiki ijayo mpaka shule zifungwe, asubuhi niwe darasani. Nisifundishe kitu. Nisijenge kitu. Nikae kwenye kigoda, nifunge mdomo, niangalie. Mwakani naweza kuomba nafasi tena.

Nilitoka nje nikakaa juu ya toroli. Mwakani maana yake mwezi wa kwanza sitakuwa na cheti, na kamati haingoji mtu. Nilikaa hapo mpaka yule mvulana alipopita na mama yake, akanionyesha kwa kidole. Huyu ndiye aliyeua mchanga, akamwambia, lakini ameshaufufua.

Ijumaa, tarehe 14

Nimelitafakari jambo hili siku mbili na leo nimeamka mtu mpya. Nilikuwa mjinga kuhuzunika. Hebu tuone. Nimekatazwa kubeba. Nimekatazwa kujenga. Nimepewa kiti, nikae, niangalie wengine wakifanya kazi, nisiseme kitu. Mtu huyo kwenye mjengo anaitwaje? Dada Kimya amepewa kwenda kusoma. Mimi nimepewa kuangalia. Nani mkubwa hapo, mwanafunzi au msimamizi? Na nimepandishwa bila cheti. Wale wanaosema saruji ni ya kuta tu wakae na ujinga wao.

Mlinzi bado hanisemeshi. Nitamnunulia tai mbili.

Nilimpigia mama watoto nimpe habari. Simu ikapokelewa na kitinda mimba. Nilikuwa nimebeba maji muda mfupi kabla, sina pumzi, nikashindwa hata kumwambia ahesabu. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Kisha akaanza mwenyewe. Akaniambia kuku ametaga kwenye kapu la nguo. Akaniambia yai lina joto. Akaniambia alilishika taratibu, akanieleza alivyolishika, na kwamba kuku alimtazama kwa jicho moja. Aliongea mpaka mama yake akaja kuuliza anaongea na nani. Akasema anaongea na baba.

Nilipangusa macho kwa sababu ya vumbi. Lazima wamenunua simu mpya, ile ya zamani ilikuwa haisikiki vizuri.

Mama watoto akaniambia kamati imekaa. Imeona watoto wanamlilia yeye asubuhi akichelewa, kwa hiyo imeamua kazi ibaki kwake, na watampeleka kusoma wakati wa likizo. Alisema polepole, kama anayemtoa mtu mwiba. Nikacheka. Nikamwambia hakuna ubaya, asome, mimi nitakuja kumsimamia. Nikamuuliza watoto wanachezea wapi siku hizi. Akasema uani, kamati imewaletea mchanga mzuri sana, lori zima, watoto hawabanduki.

Mchanga. Lori zima. Unamwagika tu.

Nimemwambia asiguse kitu. Nitabaki kwenye kigoda mpaka shule zifungwe, na wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili niko njiani. Nitashuka na mifuko mitano ya saruji, basi likikataa nitaibeba mwenyewe.